Sindano za Githongo na Maji ya Kathini

Kathini hakumpenda mtu aliyemsemesha polepole, na hapo Kitengela walikuwa wengi. Mtu akishasikia kwamba mwenzake aliwahi kurukwa na akili, humwinamia kama anayeita kuku, akamvutia maneno moja moja: "Ka-thi-ni, u-me-ku-la?" Naye Kathini, mkono kwenye bomba, humjibu bila hata kumtazama:

"Nimekula, nimeosha sufuria, na nimeona mtungi wako umejaa. Uondoe, wengine wanangoja."

Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye mwanya mpana katikati ya meno ya mbele. Kioski chake cha maji kilikuwa kwenye kona ya ploti ya kaka yake, Kitheka, na Kitheka hakuacha siku ipite bila kuwakumbusha watu ile kona ilikuwa ya nani. Kitheka alikuwa dalali wa ploti na mzee wa kanisa, kazi mbili alizozifanya kwa suti moja ya kahawia. Miaka hiyo watu wa Nairobi walikuwa wakimiminika kununua mashamba kuelekea Isinya, na hapakuwa na kipande cha mawe na miiba ambacho Kitheka hakuweza kukisifu mpaka mnunuzi akaona bustani. Kathini alisema kaka yake angeweza kumuuzia fisi kaburi tupu.

Ugonjwa wake ulianza mwaka wa tisini na sita. Alikuwa akishona katika kiwanda cha nguo huko Athi River, ameolewa na dereva wa lori la simiti. Asubuhi moja, mashine zikinguruma, alisikia sauti ya mwanamume aliyeshiba, kama mtangazaji wa mpira redioni: "Kathini anashika mkasi. Kathini anakata uzi." Aligeuka akaona migongo ya wenzake tu. Alidhani msimamizi amefunga spika ili kuwachunga wafanyakazi, na hilo halikumshangaza, kwa maana wasimamizi wa pale hakuna ujinga ambao wangeushindwa. Lakini ile sauti ilimfuata mpaka nyumbani, ikamtangaza akipika ugali, ikamtangaza akivua viatu. Hata chooni haikuwa na adabu.

Kathini akaiita Mtangazaji, akaanza kuijibu. Kiwanda kikamwachisha kazi. Mume wake akapeleka simiti Mombasa, akapata njia ya kwenda, ya kurudi ikampotea hadi leo.

Hapo ndipo Kitheka alipomchukua, na kumzungusha. Kwanza kwa mhubiri aliyemfungia ndani na kumnyima chakula ili pepo lione njaa litoke. Kathini alikuja kusema baadaye kwamba aliyeona njaa ni yeye, pepo halikuwa na tumbo. Kisha kwa mzee mmoja kule Kona Baridi, aliyemfunika blanketi na kumfukizia majani mpaka akakohoa machozi, na Mtangazaji akatangaza kile kikohozi mwanzo hadi mwisho. Hakuna aliyepona isipokuwa yule mzee, ambaye alipata mbuzi.

Mwishowe Kathini alivunja vioo vya kanisa kwa mawe, kwa sababu alikuwa na hakika kwamba studio ya Mtangazaji iko humo ndani. Polisi wakampeleka hospitali ya Kajiado, na huko akakutana na nesi aitwaye Nashipae, mwanamke mnene mwenye viatu vya kiume, aliyemketisha na kumwambia kwa kasi ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mwenzake dukani:

"Hiyo sauti unaisikia kweli. Sitakuambia huisikii. Lakini haitoki kwa kanisa, inatoka kwa ugonjwa. Na huo ugonjwa uko na dawa."

Kathini alimtazama kutoka kichwani hadi kwenye vile viatu, akavidharau viatu, akamkubali mwenyewe.

Akawa anakwenda Kajiado kila mwezi kudungwa sindano ya makalio, na kurudi na vidonge vya kuzuia mtetemeko. Mtangazaji akashuka sauti, akawa mtu anayenung'unika chumba cha pili. Kitheka akampa ile kona, Kathini akafunga tangi na bomba, na kiangazi cha mwaka elfu mbili kilipokausha kila kitu, kioski chake kikawa ndicho kanisa la mtaa. Lakini dawa nayo ilikuwa na mambo yake. Mikono ilitetemeka hata akiwa na vidonge, na miguu haikutulia. Akiketi, ilimwambia asimame. Akisimama, ilimwambia atembee. Kikombe cha chai alikishika kwa mikono miwili kama mtoto, na usingizi ulikuwa wa kuokoteza.

Rafiki yake alikuwa mmoja tu, Nurto, aliyeuza maziwa ya ngamia na leso ng'ambo ya barabara. Mume wa Nurto, Bulle, alikuwa mfanyabiashara wa mifugo, mwenye pikapu iliyonuka mbuzi. Urafiki wa wanawake hao wawili ulikuwa wa kutukanana. Nurto alisema maji ya Kathini yana chumvi hata ngamia angelalamika. Kathini alisema maziwa ya Nurto yana moshi kana kwamba ngamia mwenyewe anavuta sigara. Kila jioni walikunywa chai pamoja.

Sasa, mwaka wa elfu mbili na tano, Kalunde, binti ya Kitheka, alipata mchumba, kijana wa Kikamba kutoka familia yenye heshima zake huko Gataka, Ongata Rongai. Mama ya kijana alikuwa mwalimu aliyestaafu, jina lake Mutindi, ingawa watu walimwita Mama Roy kwa jina la kifungua mimba wake, ambaye hakuna mtu wa Kitengela aliyewahi kumwona. Kitheka alifurahi mpaka suti ikambana. Kisha akamkumbuka dada yake.

Alifika kioskini akasimama mahali pakavu.

"Kathini, nimekupatia daktari."

"Niko na daktari."

"Si huyo wa kukupanga kwa benchi na vichaa. Huyu ni wa kisasa. Anatumia sindano za Kichina, nyembamba kama nywele. Anafungua njia za mwili."

"Njia zangu zimefungwa na nani?"

"Wewe twende tu. Kalunde anaolewa. Hutaki mtoto aolewe vizuri?"

Hapo alimshika pabaya, kwa maana Kathini hakuwa na mtoto, na Kalunde ndiye aliyekuwa akimletea chakula siku zile alipokuwa hawezi kupika. Akafunga bomba, akaenda.

Kliniki ilikuwa juu ya duka la mabati. Ukutani palikuwa na picha ya mtu uchi aliyechorwa mistari na vitone kama ramani ya mabomba, na mbele ya picha alisimama daktari mwenyewe, Githongo, koti jeupe, mikono imeshikana tumboni. Kathini alimtazama kwa muda.

"Wewe si ndiye ulikuwa ukiuza sumu ya panya na kipaza sauti hapo sokoni?"

Githongo akakohoa. "Hiyo ilikuwa zamani, mama."

"Panya wangu walinenepa."

Kitheka akataka kumkemea, lakini Githongo alikwisha kumwonyesha Kathini kitanda. Na tusimnyime haki yake, maana kila mtu anayo kidogo: yule bwana alikuwa amejifunza. Alikuwa amekaa Nairobi kwa daktari Mchina, akimfagilia na kumtazama, kisha akafundishwa naye ile kazi na kupewa cheti. Mikono yake ilikuwa safi, na kabla ya kumgusa Kathini alimuuliza anatumia dawa gani. Kathini akamwambia.

"Sawa," alisema Githongo. "Hizo usiache. Sindano zangu haziondoi dawa ya hospitali, zinasaidia tu. Mwalimu wangu alitukataza kabisa. Mtu wa ugonjwa kama wako, akiniambia ameacha dawa, mimi simgusi."

Kathini akashangaa, kwa maana alikuja akiwa amejiandaa kumdharau kuanzia chini hadi juu, na sasa alilazimika kuruka mahali. Akalala. Githongo akamchoma moja katikati ya nyusi, nyingine masikioni, nyingine kwenye vifundo vya mikono na miguu. Hazikuuma kuliko siafu. Huko chumba cha pili Mtangazaji akanung'unika: "Sasa sikio. Sasa mguu." Kathini akamwambia kimoyomoyo anyamaze, asikie jinsi watu wanavyodanganywa. Kabla hajamaliza kumwambia, alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi.

Akarudi wiki iliyofuata, na iliyofuata. Usingizi ukawa mzito. Miguu, ambayo kwa miaka ilikuwa ikimchezesha ngoma asiyoijua, ikaanza kutulia.

"Si ulisema ni mwizi?" Nurto alimuuliza walipokuwa wakinywa chai.

"Ni mwizi. Lakini mwizi pia anaweza kukubebea mzigo."

"Walaal, dada yangu, sema tu amekusaidia. Hutakufa."

"Naweza kufa. Nani anajua."

Alipokwenda Kajiado alimweleza Nashipae, akitarajia kugombezwa. Nesi alicheka, akampangusa spiriti. "Kama unalala, lala. Mimi sina vita na sindano nyembamba. Lakini hii yangu nene usiikose, umesikia?"

Mambo yangebaki hapo yangekuwa mema. Lakini jambo jema likimpata Kitheka lazima aliuze. Alisimama kanisani akatangaza kwamba dada yake amefunguliwa, na amefunguliwa na tabibu aliye juu ya duka la mabati. Wagonjwa wakapanda zile ngazi mpaka zikalia. Githongo, ambaye mwanzoni ubao wake uliandikwa maumivu ya mgongo na viungo, akaita mchoraji akaongeza: kisukari, utasa, bawasiri, na chini kabisa, kwa rangi nyekundu, WAZIMU. Maneno ya mwalimu wake Mchina yakafifia kadiri ile rangi ilivyokauka. Kila Kathini alipofika, walikuwepo watu wameletwa wamtazame, naye Githongo akimwonyesha kama fundi anayeonyesha kabati. "Huyu alikuwa akivunja vioo." Watu wakaguna kwa imani. Kathini akawatazama mmoja mmoja, akaona kwamba si wao wala Githongo aliyekuwa na akili ya kumwazima mtu hata nusu.

Basi ungedhani mtu wa macho makali hivyo asingeweza kutumbukia. Kitheka alimjia wakati huo akamwambia, "Mwezi huu usiende Kajiado. Watu wa Mama Roy wako na ndugu wanaofanya kazi huko. Ukionekana kwa hiyo benchi, itasemwa. Na wewe si umepona?"

"Sijapona. Nimelala."

"Mikono yako inatetemeka?"

Kathini akaitazama mikono. Ilikuwa inatetemeka kidogo, lakini alijua vilevile kwamba sindano ya Kajiado ikikaribia kwisha mwilini, ndipo mikono inapokuwa mizuri kabisa, na akidungwa upya ndipo inapoanza tena. Alifikiria kushika kikombe kwa mkono mmoja siku ya posa ya Kalunde, mbele ya wageni, kama mtu. Akamwambia kaka yake aondoke, ana kazi. Kisha siku yake ya Kajiado ikafika, naye akabaki kioskini akijaza mitungi. Akajiambia kwamba hakufanya hivyo kwa sababu ya Kitheka. Mwezi uliofuata hakuenda tena, na Nurto alipomuuliza, akamwambia amekwenda asubuhi mapema.

Githongo hakumuuliza. Alikuwa ameacha kuuliza, kwa maana kuna majibu ambayo yangemharibia ubao.

Kwanza ilikuwa raha. Mate yaliyoletwa na dawa yakaacha kumjaa mdomoni. Alishika kikombe, akashika sindano ya kushonea, akajishonea gauni la posa. Kisha asubuhi moja akifungua bomba akasikia waziwazi, si chumba cha pili tena: "Kathini anafungua bomba." Naye Mtangazaji hakuwa peke yake. Safari hii alikuwa na wageni studioni, mwanamke mmoja na mzee mmoja, na wote watatu walijua habari. Kathini akazidisha kwenda kwa Githongo, akalala na masindano yake usoni, na wale watatu wakazungumza juu yake muda wote wa matibabu, wakicheka. Usingizi ukakataa.

Na habari yenyewe ilikuwa hivi: Githongo ametia sumu ya panya katika tangi la maji. Kathini aliipima habari hiyo akaona ina mashiko. Yule mtu si aliwahi kuuza sumu? Na biashara ya sumu si ilimwangusha? Basi ameipeleka wapi ile iliyobaki?

Siku ya posa ilikuwa Jumamosi, katikati ya kiangazi kingine kikali kilichoua ng'ombe mpaka wenyewe wakaacha kuwahesabu. Mbuzi wa posa walikuwa njiani kutoka Gataka, maturubai yamefungwa uani kwa Kitheka, wanawake wanapika. Kathini, katika gauni lake jipya, aliingia kioskini, akachomoa mpira, akafungua bomba mpaka mwisho, akaacha maji yaende.

Wenye mitungi walipiga kelele. Mwenye mkokoteni wa punda alijaribu kufunga, Kathini akamsimamia mbele na kipande cha paipu mkononi.

"Msikunywe! Iko na sumu! Mnataka kufa kwa ajili ya maji ya chumvi?"

Maji yakashuka ploti, yakavuka lango, yakaingia barabarani. Wanaoujua udongo mweusi wa Kitengela hawahitaji kuelezwa. Ukiwa mkavu ni jiwe, ukipata maji hushika gurudumu kama mama anayekataa mtoto asiende. Gari la kwanza la wageni lilifika, likazama hapo langoni. La pili likajaribu kulizunguka, likazama ubavuni mwake. La tatu lilikuwa na mbuzi, na mbuzi wakaanza kulia.

Kitheka akatoka mbio, suti ya kahawia, viatu vinang'aa, akasimama ukingoni mwa tope asijue aingie au asiingie. Mlango wa gari la kwanza ukafunguliwa. Mutindi akashuka, mwanamke mfupi wa nywele nyeupe, akavua viatu akavishika mkononi, akakanyaga tope mpaka karibu na magoti. Hakuelekea kwenye maturubai. Alielekea kioskini.

"Ni nani amekuambia iko na sumu?" alimuuliza Kathini. Hakumvutia maneno.

"Wanatangaza. Wewe huwasikii?"

"Mimi siwasikii. Wako wangapi?"

"Watatu."

"Na dawa uliacha lini?"

Kathini akashusha ile paipu kidogo. Ndipo Kitheka alipopata sauti, akasema kwa kicheko cha dalali:

"Mama Roy, msijali, huyu ni jirani tu. Anauza maji hapa. Si mtu wa familia."

Katika ule msukosuko wote, wale watatu wakiongea kwa mpigo na maji yakivuma, Kathini alilisikia neno hilo safi kabisa. Mutindi naye alilisikia. Akamtazama Kitheka, akaona mwanya mpana katikati ya meno yake ya mbele, akamgeukia Kathini aliyekuwa amebaki mdomo wazi, akaangalia mwanya wake.

"Jirani?" alisema. "Basi mama yenu alizaa mtaa mzima."

Nurto alikuwa amevuka barabara. Akapita nyuma ya Kathini akafunga bomba, akamshika kiuno. "Walaal, twende. Bulle ameleta gari." Kathini alimtukana, akamwita muuza moshi, lakini alikwenda. Pikapu ilikuwa imeegeshwa mahali pakavu, na harufu ya mbuzi humo ndani, Nurto alisema baadaye, ndiyo iliyomtuliza njiani, kwa sababu alitumia safari nzima kuilalamikia.

Alilazwa Kajiado kwa majuma kadhaa. Siku za kwanza hakuwa mtu wa kuongea naye. Alipoanza kurudi, Nashipae alivuta kiti akaketi.

"Takwenya, yeyo."

"Iko," Kathini alijibu, kwa maana salamu hiyo ya Kimaasai alikuwa amefundishwa na yeye huyo nesi.

"Ni nani alikuambia uache? Huyo wa sindano?"

Kathini alifikiri. Ingekuwa rahisi kumtaja Githongo, na ingekuwa tamu kumtaja Kitheka.

"Huyo wa sindano hakusema niache. Alinyamaza tu. Ndugu yangu alisema. Lakini ndugu yangu huwa anasema mengi na sifanyi. Hii nilifanya kwa sababu nilitaka kushika kikombe."

Nashipae hakumhubiria. Alimwita daktari, wakapunguza ile dawa kidogo, wakambadilishia vidonge vya mtetemeko. "Ungeniambia kikombe kinakusumbua hivyo, tungeangalia mapema," alisema. "Sasa sikiliza. Zile sindano nyembamba zikikutuliza miguu, nenda. Hizo ni kama kupanguswa jasho. Huwezi kuacha kula kwa sababu umepanguswa jasho."

Kitheka alikuja kumwona mwishoni, na ndizi. Alisimama mguuni pa kitanda akaanza kueleza kwamba siku ile wageni walikuwa wengi, mtu husema neno bila kulipima, na kwamba hata hivyo posa ilipokelewa, mbuzi walifika wote.

"Asante kwa ndizi," Kathini alisema, "jirani."

Na jina likamganda. Kuanzia siku hiyo hakumwita vingine. Alimwita Jirani mbele ya wanunuzi wa ploti, akamwita Jirani mlangoni mwa kanisa, akamwita Jirani siku ya harusi ya Kalunde alipoitwa kupiga picha na familia. "Jirani, sogea kidogo." Watoto wa mtaa wakalidaka. Kitheka alimwomba aache, akamtuma mchungaji amwombe, na Kathini akamwambia mchungaji kwamba Biblia inasema mpende jirani yako, kwa hiyo anajitahidi.

Kwa Githongo alikwenda mwenyewe. Alimkuta nje ya duka la mabati, juu ya ngazi, ana kopo la rangi nyeupe, anafuta neno la chini kabisa kwenye ubao. Habari ya mafuriko ilikuwa imemfikia, na wagonjwa wakapungua.

"Mama, kama ningejua umeacha dawa..."

"Ungejua kama ungeuliza. Siku ya kwanza uliuliza. Nilidhani uko na akili."

Rangi ilimdondokea kwenye kiatu.

"Shuka," Kathini alisema. "Miguu inanisumbua."

"Bado unataka nikuchome?"

"Nimekuja kutazama ukipaka rangi? Nimetoka Kajiado, nimedungwa ile nene. Sasa wewe fanya yako ndogo."

Basi akalala tena juu ya kile kitanda chini ya mtu wa mistari, na Githongo akamchoma mahali palepale pa zamani. Miguu ikatulia, kidogo, kama mwanzo. Mtangazaji hakupungua wala kuongezeka kwa ajili ya zile sindano, na Kathini alimweleza hivyo kila aliyemuuliza. Aliendelea naye miaka mitatu hivi, na kila alipopanda zile ngazi Githongo alimuuliza kuhusu Kajiado kabla hajavua viatu. Kisha biashara ikamshinda, akahamia Namanga, ikasikika kwamba anauza dawa ya kupaka wanaonyonyoka nywele. Kathini alisema angalau huko atakayedanganyika atajiona mwenyewe kwenye kioo.

Mutindi alirudi Kitengela miezi michache baada ya harusi, peke yake. Alikaa kioskini juu ya mtungi uliopinduliwa, akasubiri wateja waishe. Kisha akasema ana mtoto wa kwanza, Roy, aliyekuwa chuo cha ualimu alipoanza kusikia watu. Sasa alikuwa akikaa chumba cha nyuma kule Gataka, mlango unafungwa kwa nje, na marehemu mume wake aliwahi kuapa kwamba jambo hilo halitatoka ndani ya ua. Yeye mwenyewe, Mutindi, alikuwa amefundisha watoto wa wenzake miaka yote, akirudi jioni kumfungulia wake.

"Na wewe ndiye uliniuliza niliacha dawa lini," Kathini alisema. "Mbele ya watu. Ulijua yote."

"Nilijua."

"Na ukarudi nyumbani ukafunga mlango."

Mutindi akainamisha kichwa. Kathini alimwacha ainamishe hivyo, kwa maana aliona anastahili. Baadaye akafunga bomba, akamwambia Nurto ng'ambo ya barabara amtazamie tangi, akaondoka na Mutindi kwenda Gataka.

Roy alikuwa mtu mzima mwenye ndevu za mzee, na alinuka. Kathini aliingia kile chumba akakitazama, akamtazama, akasema kwa kasi yake ileile: "Mimi ni Kathini, shangazi ya mke wa ndugu yako. Niko na wangu mmoja anayenitangaza. Wewe uko na wangapi?"

"Wengi," alisema Roy.

"Basi oga, twende mahali."

Walikaa kwenye benchi ya Kajiado, Roy katikati ya mama yake na Kathini. Alikuwa ameogeshwa na kunyolewa, ila kofia yake alikataa kuivua. Aliuliza kama sindano inauma. Kathini akamwambia inauma, na makalio yatavimba. Aliuliza kama ataambiwa aombe. Akamwambia hapa hakuna. Mwishowe akauliza, akiangalia sakafu, kama wale watu watanyamaza.

"Wangu hajanyamaza," Kathini alisema. "Ameshusha sauti. Mimi nauza maji, yeye anaongea. Wako sijui, mimi si daktari. Na usiniangalie hivyo, mimi si malaika."

Nashipae akatokea mlangoni na viatu vyake vya kiume, akaita jina la Roy. Roy akasimama, akapiga hatua, akarudi. Akavua kofia akamwekea Kathini mapajani, kisha akaingia. Kathini akaishika kwa ncha za vidole, maana ilikuwa chafu ya kutisha, akakaa nayo kumngoja.